UZI: Unasema unatafuta ukweli. Haya, ni kitu gani ukionyeshwa utakubali kwamba umekosea?

#1 Mleta uzi

Habari zenu wakuu.

Watu wawili wanabishana masaa matatu, kila mmoja anasema yeye ndo anatafuta ukweli na mwenzake kafungwa macho. Waulize wote swali moja tu: ni kitu gani ukionyeshwa leo utasema sawa, hapa nilipotea? Utasikia kimya, au utasikia "hakuna". Sasa kama hakuna, ulikuwa unatafuta nini? Anayetafuta kitu anajua anaweza asikikute pale alipodhani kipo.

Kuna kisa kimoja cha kweli ndo kimenifanya nianzishe huu uzi, kirefu kidogo lakini vumilieni.

Urbain Le Verrier, Mfaransa, mtu wa hesabu za anga. Miaka ya 1840 wanaanga walikuwa wanasumbuliwa na sayari ya Uranusi, haikai pale hesabu za mvutano za Newton zinaposema inatakiwa kukaa, tofauti ndogo lakini haiondoki. Le Verrier akasema Newton yuko sawa ila kuna sayari nyingine hatujaiona inaivuta hii, akakaa na kalamu na karatasi akapiga hesabu kinyumenyume mpaka akapata sehemu ya anga ambapo hiyo sayari inatakiwa iwepo, akaandika barua Berlin. Mwanaanga wa huko, Galle, akaipata barua tarehe 23 Septemba 1846, usiku huohuo akaelekeza darubini, akaikuta Neptuni ndani ya digrii moja kutoka pale alipoelekezwa. Yaani mtu kaiona sayari kwa kalamu!

Sasa subiri. Mwaka 1859 huyuhuyu kageukia sayari ya Zebaki. Nayo ilikuwa na kasoro, njia yake ya kuzunguka jua inajigeuza polepole, ila kwa kiasi kinachozidi kile hesabu zinachoruhusu, kitu kidogo mno, ukigawa digrii moja vipande 3600 basi ni vipande 43 kwa miaka 100 (yeye alipata 38, wengine wakaja kusahihisha). Akarudia dawa yake ileile, kuna sayari karibu na jua hatujaiona. Ikapewa na jina kabisa, Vulkani. Daktari mmoja wa kijijini huko Ufaransa akasema kaiona ikikatiza mbele ya jua, Le Verrier akafunga safari kwenda kumhoji, akaridhika, daktari akapewa nishani. Mwanaanga mwingine, Liais, aliyekuwa Brazili, akasema jamani muda huohuo mimi nilikuwa naliangalia jua, na darubini yangu ina nguvu kuliko ya huyo daktari, na sikuona kitu. Hiyo haikuwazuia watu kuendelea kuiwinda. Le Verrier akafariki 1877 (tarehe 23 Septemba, siku ileile ya Neptuni, maisha haya bwana) akiwa bado anaamini ipo. Mwaka uliofuata jua likapatwa kule Marekani, watu wawili wazoefu wakasema wameiona.

Haipo. Haijawahi kuwepo. Novemba 1915 Einstein akaleta hesabu zake mpya za mvutano na zile 43 zikatoka zenyewe bila kuongeza sayari yoyote. Safari hii mwenye kasoro alikuwa Newton kweli.

Mtu yuleyule, akili ileile, njia ileile, na sina sababu ya kudhani kwamba alidanganya popote. Mara ya kwanza kapatia, ya pili kapotea, na huko ndani yake alijiona ana uhakika mara zote mbili. Kwa hiyo mtu akiniambia "nina uhakika asilimia mia" mimi nachukulia kanieleza hali ya moyo wake, habari ya dunia bado hajanieleza.

Ndo nikaanza kujiwekea utaratibu. Kabla sijaenda kuangalia kitu naandika pembeni nategemea kuona nini, na nikiona nini nitaachana na wazo langu, kwa sababu ukishaangalia kwanza akili inakuwa wakili, kila unachokiona inakigeuza kuwa shahidi wa kwako. Jingine, sijihesabu naelewa hoja ya mtu mpaka niweze kuisema na yeye mwenyewe aseme eeh ndo hiyohiyo, tena umeisema vizuri. Hili ni gumu kuliko linavyosikika, jaribu na mtu mnayepingana naye kweli uone jasho.

La tatu ni kujieleza mwenyewe kwa sauti. Mwaka 2002 watafiti wawili wa Yale, Rozenblit na Keil, waliwauliza watu wanaelewa kiasi gani vitu kama zipu, kufuli, choo cha kuvuta maji. Watu wakajipa alama za juu. Wakaambiwa haya elezeni hatua kwa hatua zipu inafungaje. Baada ya hapo wakaulizwa tena wajipe alama, zikashuka. Hakuna aliyewasema vibaya wala kuwapinga, wameshushwa na maelezo yao wenyewe. Kama kwenye zipu tu iko hivyo, fikiria uchumi wa nchi.

Karibuni, na wenye kupinga waje na hoja.

#2

Naweka kambi hapa. Uzi wa namna hii unapita mara moja kwa mwaka.

#3

Mkuu kwa hiyo mwisho wa siku unatuambia kila mtu ana ukweli wake na tusimhukumu mtu si ndio? Maana hii "unyenyekevu unyenyekevu" mimi naona ni njia ya watu waoga kukwepa kusema kitu kinachoeleweka.

#4 Mleta uzi

Hapana mkuu, tena hilo nalipinga kuliko chochote. Kama kila mtu ana ukweli wake basi hakuna anayeweza kukosea, na kama hakuna anayeweza kukosea huo unyenyekevu ni wa nini? Unanyenyekea mbele ya kitu kilichopo nje yako ambacho hakijali unakitakaje. Vulkani haipo kwa Le Verrier, haipo kwa yule daktari, haipo kwa mimi na wewe.

Mtu mnyenyekevu anaongea wazi kuliko hata mbishi. Neptuni ilikuwa hivyo, jamaa hakusema "pengine huko angani kuna jambo", alisema elekeza darubini PALE. Akikosea kila mtu angejua kesho yake asubuhi. Waoga ndo wanaongea kwa mafumbo ili wasije kukamatwa popote, hapo niko na wewe kabisa.

#5

Naomba nichangie kwa mchezo, wale wanaoujua wakae kimya kwanza tafadhali.

Nina kanuni kichwani ya namba tatu. Mfano unaofuata kanuni yangu ni 2, 4, 6. Kazi yako ni kuijua kanuni. Unaruhusiwa kunitajia namba tatu zozote unazotaka, mara nyingi uwezavyo, nitakujibu tu NDIYO inafuata au HAPANA haifuati. Ukiwa na uhakika unaitaja kanuni. Twende.

#6

8, 10, 12

#5

Ndiyo

#6

20, 22, 24. Na 100, 102, 104

#5

Ndiyo. Na ndiyo.

#6

Hahaha rahisi sana hii. Namba shufwa zinazopanda kwa mbilimbili. Lete nyingine.

#5

Siyo hiyo.

#7

Ngoja nami nijaribu. 1, 3, 5?

#5

Ndiyo

#7

Aah kumbe hata witiri. Basi zinapishana mbili tu.

#5

Siyo hiyo pia mkuu 😀

#8

5, 90, 1000

#5

Ndiyo

#8

9, 4, 1

#5

HAPANA. Na wewe ndo wa kwanza humu kupata hapana.

#8

Namba zozote zinazopanda. Basi.

#5

Ndo hiyo. Huu mchezo ni wa mwanasaikolojia Peter Wason, London, 1960, na wengi waliofanyiwa walikwama palepale walipokwama wenzetu wawili hapo juu. Cheki mtu anachofanya: anapata wazo, halafu kila swali analouliza ni la kulipamba lile wazo. 8,10,12 ni ndiyo, 20,22,24 ni ndiyo, ndiyo zinalundikana, uhakika unapanda, na hajajifunza kitu hata kimoja maana zote hizo zingekuwa ndiyo hata kama wazo lake si sahihi. Aliyepata ni yule aliyeuliza kitu ambacho wazo la wenzake lilisema kitakataliwa. 5, 90, 1000 ni swali la mtu aliyekuwa tayari kuaibika.

Sasa hamishia kwenye habari unazosoma kila siku. Ukiamini kwamba watu fulani ni wabaya utakuta mifano yao kila kona. Ni 8,10,12 hizo.

#9

Nimesoma yote vizuri ila mnakwepa jambo kubwa. Wataalamu wenyewe ndo wa kwanza kukataa ukweli. Daktari Semmelweis pale Vienna aliwaambia madaktari wanawe mikono wakamuona kichaa, mama wajawazito wakaendelea kufa. Mwanasayansi Wegener mwaka 1912 alisema mabara yanatembea, wakamcheka mpaka kafa 1930 huko Greenland. Sasa leo mtu akisema kitu tofauti na wataalamu mnamrukia "leta ushahidi leta ushahidi". Historia inaonyesha anayechekwa ndo anakuwaga sahihi. Fikirini wenyewe.

#10 Mleta uzi

Mkuu #9 umeleta mifano mizuri, ngoja niende nayo polepole.

Semmelweis. Hospitali ilikuwa na wodi mbili za wazazi, moja wanafundishwa madaktari, nyingine wakunga. Wodi ya madaktari ilikuwa inaua zaidi kwa mbali, mpaka kina mama wanalia wasipelekwe huko. Jamaa akaanza kuondoa sababu moja moja, msongamano, hewa, namna mama anavyolala, hata padri anayepita na kengele, zote hazifui dafu. Halafu mwaka 1847 rafiki yake Kolletschka akakatwa na kisu wakati wa kupasua maiti, akaugua, akafa, na dalili zake zikafanana na za wale kina mama. Kumbe madaktari na wanafunzi wanatoka kupasua maiti wanaenda moja kwa moja kuzalisha, wakunga hawapasui. Akaamuru watu wanawe kwa maji ya klorini. Aprili mwaka huo katika ile wodi walikuwa wanakufa karibu 18 kwa kila 100, miezi michache baadaye kama 2 hivi.

Umeona alichokuwa nacho? Madaftari ya vifo. Kuchekwa ni jambo lililomkuta, halikuwa hoja yake. Wanaochekwa ni wengi mno, na walio wengi kati yao wanachekwa kwa sababu hawako sahihi, hao huwasikii kwa kuwa hakuna anayeandika habari zao miaka 150 baadaye.

Wegener ndo utamu wenyewe. Alikuwa sahihi kwamba mabara yanatembea, ila nguvu aliyosema ndo inayoyasukuma ilikuwa haitoshi hata kidogo, na waliompinga kwenye hilo walikuwa sahihi KABISA. Ilibidi kusubiri mpaka miaka ya 1960, watu walipopima usumaku wa miamba chini ya bahari wakaona sakafu ya bahari inazaliwa katikati na kusogea pembeni. Mtu anaweza kupatia nusu na kukosea nusu, na wapinzani wake hivyohivyo. Sisi tunataka mshindi mmoja kama ngumi.

#11

Kwenye hilo la kuchekwa mbona mmemsahau Mpemba? Erasto Mpemba, mwanafunzi, mwaka 1963 aligundua mchanganyiko wa aisikrimu wa moto umeganda kabla ya uliopoa. Akauliza darasani akachekwa, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba sio ya dunia. Baadaye akamuuliza profesa Denis Osborne alipotembelea shule yao, na Osborne, hapa nampa heshima zote, hakumcheka, alirudi maabara chuoni akaagiza ijaribiwe. Wakachapisha pamoja 1969. Leo dunia nzima inaita jina lake.

#12

Na hapo hapo #11 ongezea kwamba mpaka leo wanasayansi hawajakubaliana. Mwaka 2016 Burridge na Linden walirudia kwa makini, wakasema kwa maji ya kawaida hawaoni athari hiyo, na kwamba ukisogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini unaweza kupata majibu tofauti kabisa. Wengine mwaka 2020 wakaonyesha kitu cha aina hiyo kwenye chembe ndogo ndani ya maji, kwa mpangilio maalum. Sasa aliyemcheka Mpemba alikosea? Ndio alikosea, hata kama siku moja itathibitika kwamba maji hayafanyi hivyo, maana alikataa kabla ya kupima. Osborne alipatia hata kama majibu yatakuja kuwa hapana. Watu wanachanganya sana hivi vitu viwili, kupatia jibu na kufuata njia.

#13

Na imani je? Mimi ni mtu wa dini, sijisikii kuweka masharti ya nini kitanifanya niache.

#14 Mleta uzi

Ndugu yangu, mimi sikuombi uache chochote. Ninachoona ni kwamba kumtegemea Mungu ni jambo moja, na kusema dawa fulani inaponya ugonjwa fulani ni jambo lingine, hilo la pili linapimika nani kapona nani hajapona. Watu wengi wanavaa la pili nguo za la kwanza ili lisiulizwe maswali. Na tukumbuke Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, miaka elfu moja iliyopita, Muislamu, aliyetuelezea mwanga na jicho kwa majaribio. Alifundisha kwamba anayetafuta ukweli ajifanye adui wa kila anachokisoma, akishambulie kila upande, na wakati huohuo ajitilie shaka yeye mwenyewe asije akapendelea au akaonea. Watu wanapenda hiyo sehemu ya kwanza tu.

#15

Mleta uzi, nimekusoma tangu juu na nina pingamizi, naomba lijibiwe sio kuzungushwa.

Sheria yako ni "sema mapema nini kitakufanya uache wazo lako". Sawa. Turudi 1845. Newton anasema Uranusi iwe hapa, Uranusi haiko hapa. Kwa sheria yako Newton alitakiwa atupwe palepale! Le Verrier hakumtupa, alibuni sayari isiyoonekana ili kumuokoa, na tukampigia makofi. Mwaka 1859 amefanya kitu kilekile tunasema kapotea. Kwa hiyo wewe unamhukumu kwa matokeo tu, wakati ule yeye angejuaje ipi ni ipi? Sheria yako haifanyi kazi pale inapohitajika.

#16 Mleta uzi

Hili ndo pingamizi nililokuwa nalingoja, na sitalimaliza lote.

Kwanza nakubali, hakuna wazo linalosimama peke yake mbele ya kipimo. Ukiona majibu hayaendi, inaweza kuwa wazo bovu, inaweza kuwa kipimo kibovu, inaweza kuwa kuna kitu cha tatu hukukihesabu. Kubuni kitu cha tatu si dhambi. Mwaka 1859 mimi mwenyewe ningesema Vulkani, na ungekuwa ni ubashiri mzuri tu kwa mtu ambaye ameshapata Neptuni.

Ninachoangalia ni baada ya hapo. Neptuni ilikuja na anwani, ukienda unaikuta au huikuti. Vulkani kila ikikosekana inahamishwa, mara ni ndogo zaidi, mara mwanga wa jua unaificha, mara sio sayari moja ni nyingi ndogondogo. Kila kisingizio kimoja kimoja kinaingia akilini. Ila vikikusanyika unaona wazo halitabiri tena kitu kipya, kazi yake imebaki kujitetea. Na Liais aliposema mimi sikuona, hiyo ilikuwa HAPANA ya thamani, sawa na ile 9, 4, 1.

Kwa hiyo naiboresha, usitupe wazo kwa kasoro moja, lakini hesabu visingizio. Ngapi ndo nyingi? Hapo sina namba na sidhani kuna mwenye nayo. Kuna watu wataacha mapema mno wapoteze Neptuni, na wengine watachelewa.

#15

Angalau umejibu. "Hesabu visingizio" nimeichukua, ila hiyo ya kutokuwa na namba bado inanisumbua, maana mbishi yeyote atasema visingizio vyake bado havijafika.

#17

Nyongeza kwa ajili ya #15. Njia moja ni kuwapa watu wengine kazi ya kuhesabu. Septemba 2011 kundi la wanafizikia la OPERA lilipima nyutrino (chembe ndogo mno) zinazosafiri kilomita 730 kutoka maabara ya CERN, Uswisi, mpaka Gran Sasso, Italia, zikaonekana zinafika nanosekunde 60 (sekunde moja ina nanosekunde bilioni moja) kabla ya mwanga. Kitu kisichowezekana kwa fizikia tunayoijua. Walikagua miezi wakashindwa kuona tatizo, mwisho wakatoka hadharani wakasema hizi ndo namba zetu, hatudai kwamba Einstein kaanguka, tusaidieni kutafuta kosa. Mwaka 2012 likapatikana, kebo ya mwanga haikuwa imekazwa vizuri. Vipimo vingine vikaonyesha nyutrino hazizidi mwanga.

Linganisha na mwanafizikia Blondlot kule Nancy, Ufaransa, mwaka 1903 na "miale N" yake, miale mipya aliyodai kaigundua, makumi ya wanasayansi wakasema nao wanaiona. Mwaka 1904 mwanafizikia Robert Wood akaenda maabara kwake, taa zikiwa zimezimwa akaitoa kimyakimya prizimu (kipande cha kupindisha miale) ambayo bila hiyo jaribio halifanyi kazi. Wenyewe wakaendelea kusoma vipimo kama kawaida. Blondlot hakuwa na mtu wa kumtolea prizimu gizani, mpaka alipokuja mgeni.

#9

Na hao wa OPERA walipewa tuzo ya ukweli wao?

#17

Hapana mkuu. Kundi liligawanyika, viongozi wawili wakajiuzulu Machi 2012. Wapo waliosema walitakiwa kukaza kebo kwanza ndo waitishe watu, na kusema kweli na hao wana hoja.